Cheti Nilichokikubali Bila Kuuliza

Naikumbuka Jumanne moja, mwanangu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipobonyeza neno "Ndiyo" mahali nilipopaswa kuinua simu kwanza. Jambo lenyewe halikuchukua hata nusu dakika. Ninyi vijana mmekua na simu mkononi na utaona ni kisa kidogo, lakini nisikilize taratibu, maana mimi sisimulii mbio.

Nilikuwa karani wa kupokea maombi ya vyumba katika hoteli moja ya Diani. Nilitoka Machakos na sanduku la bati, sina shangazi wala binamu upande huu wa kivuko. Mwaka ule wageni walikuwa wamepungua, na vijana wa bara niliofika nao walikuwa wamerudi kwao mmoja mmoja. Nikabaki na chumba cha kupanga Ukunda, kitanda na jiko la mafuta ya taa. Jumapili nikitoka kanisani nilitembea hadi barabarani kutazama malori yaendayo Lunga Lunga. Sikuwa nangoja mtu. Nilipenda tu kwamba pale palikuwa na kelele. Upweke, mwanangu, usikie kwa mwenzio.

Aliyeniingiza kazini alikuwa Bi Mwanasha, mkuu wa ofisi yetu, mama wa makamo kutoka Msambweni, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Meneja hakutaka kumwajiri mtu asiyejulikana, akadai mdhamini wa hapa hapa. Bi Mwanasha alikuwa amenijua kwa wiki mbili tu za majaribio. Alitia sahihi, kisha akaniambia, "Huku kwetu mgeni hajijulishi mwenyewe, Mutua. Hujulishwa na mwenyeji wake. Basi mwenyeji wako ni mimi, usinitie aibu."

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Maombi ya vyumba yalikuja kwenye tovuti ya kampuni yetu, iliyotunzwa makao makuu kule Mombasa. Tovuti inayotaka kuaminiwa huwa na cheti cha usalama, yaani barua inayosema: mimi ndimi kweli yule ninayejiita. Vyeti vya tovuti kubwa vilikuwa vimetiwa sahihi na wadhamini ambao kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, tayari kiliwajua. Chetu kilikuwa kimetengenezwa ndani ya kampuni, hakijulikani na mtu. Kwa hiyo ilitubidi tukiweke kwenye kompyuta kwa mikono yetu, na kivinjari kilituuliza kwanza kama kweli tunakiamini.

Bi Mwanasha alilielewa jambo hilo upesi kuliko mimi niliyesomea kompyuta. "Huyu ni mgeni asiye na mwenyeji," alisema. "Akisema anatoka Mombasa, tutawauliza wa Mombasa. Hatutamuuliza yeye mwenyewe, maana hata mwizi ana mdomo." Akaweka sheria moja. Kila cheti kina alama yake, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu usiofanana na wa cheti kingine. Usikikubali kabla hujapiga simu makao makuu wakakusomea alama hiyo, nawe ukaifuatisha kwa kalamu, mbili mbili, mpaka mwisho.

Ilikuwa kazi ya kuchosha, kwa kuwa ofisi nzima ilikuwa na laini moja ya simu. Ukitaka kuzungumza sharti ukate intaneti, na ukimaliza uanze tena kuitafuta, modemu ikilia na kukoroma. Kompyuta zetu tatu nazo zilikuwa kuukuu. Mara kwa mara mojawapo iliharibika ikawekwa programu upya, na cheti nacho kikawekwa upya. Haukupita mwezi bila kupiga Mombasa.

Wenzangu walinung'unika. Mimi, nikwambie ukweli wangu, nilikuwa naipenda kazi ile kuliko zote. Aliyesoma alama upande wa pili alikuwa binti mmoja aitwaye Rehema, ambaye sikupata kumwona kwa macho. Nilimwomba arudie hata pale niliposikia vizuri. Nilimwuliza kama kumenyesha Mombasa. Siku nyingine nikamhadithia hadi maharage niliyoyaunguza. Alicheka, nami nikaishi na kicheko hicho wiki nzima.

Siku moja akaniambia, "Kaka Mutua, tusome tumalize. Hapa ni kazini, si barazani."

Alisema kwa upole, na alikuwa na haki. Lakini mtu mpweke huumizwa na kidogo. Nilikata simu nikiona haya mbele ya ukuta mtupu, nikaapa kwamba binti yule hatanisikia tena nikijipendekeza. Ujana nao una kiburi chake, na kiburi cha mtu asiye na watu ndicho kibaya zaidi.

Basi ikafika Jumanne hiyo. Bi Mwanasha alikuwa amekwenda Kwale kwenye mazishi ya jamaa yake, nami niko ofisini peke yangu. Ikaingia barua pepe yenye jina la makao makuu. "Mpendwa Mutua," ilisema, "twajua unavyojituma huko Diani. Cheti cha zamani kimekwisha muda. Bonyeza hapa, weka kipya, kisha uingie kama kawaida." Mwanangu, kilichonimaliza ni lile neno Mpendwa. Siku nne nzima hakuna aliyekuwa amelitaja jina langu ila kuniuliza funguo za stoo.

Kivinjari kikaniuliza kama nakiamini cheti kile. Niliitazama simu. Nikamfikiria Rehema akiitikia kwa sauti ya kuchoka. Nikabonyeza "Ndiyo". Ukafunguka ukurasa wetu, rangi zile zile, nembo ile ile, nami nikaandika neno la siri la hoteli.

Siku ya tatu orodha ya wageni ikawa tupu. Mtu ambaye hatujamjua hadi leo aliingia kwa neno letu la siri akafuta kila jina. Familia ziliteremka kutoka uwanja wa ndege na sisi hatuna habari zao, vyumba vyao tumewapa wengine. Nilimwona mama mmoja akimlaza mwanawe juu ya masanduku pale mapokezi, nikatamani ardhi inimeze. Mafundi wa Mombasa walipofika walikifungua cheti kwenye kompyuta yangu, wakasoma alama yake. Haikufanana na ya kwetu hata kidogo; ukurasa nilioandikia neno la siri ulikuwa wa mwizi.

Meneja hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: nani aliyemleta mtu huyu?

"Ni mimi," akasema Bi Mwanasha. "Kijana muacheni, bado anajifunza. Kosa la mgeni ni la mwenyeji wake." Wakamshika kwa neno lake. Mimi nikabakizwa, yeye akaachishwa kazi.

Nilimkuta akikusanya vitu vyake. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kama siku zote.

"Kudanganywa sikulaumu," alisema. "Hata mimi ningedanganywa. Nakulaumu kwa kuwa ulikuwa na wa kumwuliza, lakini hukumwuliza."

"Niliona haya, Bi Mwanasha."

"Haya ya nini?"

Nikamweleza yote, Rehema na maharage na lile neno Mpendwa. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso. "Kumbe ulikuwa peke yako kiasi hicho," alisema, "na mimi nimekaa nawe meza moja nisikwambie hata siku moja njoo nyumbani ule. Basi kosa letu ni la wawili. Njoo Msambweni, Mutua."

Sikwenda. Kila Jumapili niliona haya, nikasema wiki ijayo, na wiki zikawa miaka. Habari ya kifo chake niliipata sokoni Kombani, kwa mwanamke mmoja muuza mihogo, na ulikuwa umepita mwezi mzima tangu azikwe. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu hajaacha kunifuata.

Nasaha yangu ni hii. Mashine ikikuuliza kama unamwamini mtu, usijibu kwa kutazama sura ya ukurasa wala utamu wa maneno. Mtafute anayemjua, kwa njia unayoijua wewe, si kwa njia aliyokupa yeye. Kuuliza si ujinga. Aliyekupa jibu la mkato jana mpigie tena leo. Na uchunge moyo wako unapokuwa na kiu ya watu, kwa sababu hapo ndipo kila anayekutaja kwa jina huonekana ndugu.

Najua umepanga chumba Ukunda, na najua mama yako yuko mbali. Jumapili njoo kwangu tule. Usipokuja nitakuja mimi, kwa kuwa sitaki tena habari za mtu wangu niletewe na watu wa sokoni. Mungu akujalie watu wa kuwauliza, na akupe moyo wa kuwauliza mapema. Amina.