Ngege wa Baba

Leo nimejua ni mimi niliharibu samaki wa Baba.

Miaka mingi anafuga ngege kwa bwawa lake, wale wa asili ambao ziwani wamekaribia kuisha. Tukapeleka vipande vya mapezi maabara, hapa Hurlingham. Wakipatikana safi, warudishwe ziwani.

Dada wa maabara ameniambia, "Pole. Wamechanganyika damu na hawa tilapia wa kawaida."



Kuna mwaka Baba alilazwa, samaki wengi wakafa. Mimi ndio nilinunua tilapia wadogo nikawamwaga humo, asirudi akute bwawa tupu. Sikuwahi kumwambia.

Sasa hivi amepiga simu. Hata hajauliza kama ni safi. Ameuliza wanarudishwa lini.

Nimesema mtandao unasumbua, nikakata.

Nyinyi mngemwambia aje?