Ngoma Kichwani mwa Boga

Mkuki kwa nguruwe mtamu, na Boga wa Likoni aliula utamu huo miaka na miaka. Alikuwa mpiga ngoma wa pepo, na wallahi hakukuwa na mkono kama wake kutoka kivukoni hata Mtongwe. Kama ulikuwa hujui, angekwambia mwenyewe kabla hujamaliza kumwamkia. Kazi yake ilikuwa hivi: mwele, ndiye mgonjwa, akalishwa kigodani, afunikwa kaniki gubigubi, afukizwa ubani, kisha Boga apiga. Kila pepo ana ngoma yake. Apiga hii, apiga ile, mpaka bega la mwele litikisike. Hapo pepo kajulikana. Ndipo Bi Dhahabu, mganga mwenyewe, amwulize haja yake. Na pepo wa Likoni, mashallah, walikuwa watu wa kujipenda: huyu ataka leso jozi mbili, huyu marashi, huyu biskuti za mkebe. Sikusikia hata mmoja aliyetaka maji ya kunywa. Waume walitoa huku wakinung'unika, na Boga alirudi nyumbani na paja lake la mbuzi, akiwasimanga wagonjwa njia nzima kwamba wamejilegeza tu.

Basi mwaka wa sitini na tatu, Uhuru ukiwa mlangoni, zamu ikamfikia yeye. Alijilaza baada ya isha, akasikia nyuma ya sikio, ndani kwa ndani: du, du, du. Akainuka, kimya. Akajilaza, du, du, du. Wala hakuumwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yenyewe. Mtu akiumwa huletewa uji. Mtu anayedundwa kichwani bila maumivu huletewa maswali.

Daktari wa mjini alimwekea mpira kifuani, akamgonga magoti, akasema kifua kizima, kichwa kizima, yeye haoni kitu. Akampa vidonge vyeupe, vile vile alivyompa mwenye kikohozi aliyemtangulia. Maalim Ishaka alimwandikia kombe kwa zafarani, maandishi yakaoshwa kwa maji, Boga akanywa sahani nzima. Du, du, du, sasa kwa harufu nzuri.

Ndipo akaamua kulala amekaa. Akavuta kiti cha uvivu mpaka ukumbini, akajifunika shuka, na mkewe Mwanatabu akabaki peke yake kitandani. Mwanzo Mwanatabu alicheka. Lakini miezi ikapita, na majirani, Mungu awajazi kwa huruma zao, hawakuacha kumkumbusha kwamba mume hahami kitanda bure, na kwamba Changamwe kuna wajane wengi.

"Baba Mwanatatu," Mwanatabu akamwambia asubuhi moja, leso zake zikiwa zimekunjwa sandukuni, "Mwanatatu binti yetu tumeshamwoza, nyumba hii tumebaki wawili, na wewe waikimbia hata pumzi yangu. Kama hunitaki, sema. Ijumaa nakwenda kwa kakangu Waa, wala sirudi."

"Ni kichwa, mke wangu."

"Kichwa kina nani?"

Boga, aliyekuwa na ulimi wa kuwatosha watu wote wa Likoni, akaikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. Alimpenda mwanamke yule, akampenda sana, na kwa miaka ishirini na kitu hakuwahi kumwambia. Sasa aliogopa.

Mganga hajigangi. Boga akakubali kupungwa pepo, yeye Boga! Lakini nani apige? Likoni nzima hakuona anayefaa, ila yule mwele mwenyewe. Mwishowe akaletwa Kahindi kutoka Kisauni, mtu mpole anayeijua kazi. Boga alimtazama vidole, akaguna.

Siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, uwanja ukafurika. Usidhani walikuja kumwombea afya. Bi Dhahabu alikuwa ametoa kauli kwamba pepo asiyejulikana huenda akawa mgeni aliyekuja na mambo ya Uhuru. Basi wa Mwambao, waliotaka pwani ijitenge, wakaja kusikia pepo akisema Mwambao, wa Majimbo, waliotaka kila jimbo lijitawale ndani ya Kenya, wakaja kusikia Majimbo, na wawili wakashikana mashati hata ubani haujawashwa.

Kahindi akapiga ya kwanza, bega kimya. Akapiga ya pili, kimya. Akapiga zote azijuazo, na sauti pekee iliyotoka ndani ya kaniki ilikuwa ya Boga akikosoa: "Polepole hapo, wewe! Ngoma haitwangwi kama kisamvu!"

"Mwele, nyamaza!" akafoka Bi Dhahabu.

Jua likapungua. Mwanatabu, ambaye sanduku lake lilikuwa limeshafungwa kamba, uvumilivu ukamwisha.

"Enyi watu! Mwamkalisha kigodani kwa nini? Akikaa hana kitu! Siku zote asema ni akilala. Mlazeni!"

Watu wakatazamana. Tangu kuanza uganga, mwele hukaa; anayelazwa akafunikwa nguo ni maiti. Miezi yote ile hakuna aliyefikiri kumlaza mtu anayeugua kulala. Bi Dhahabu angekataa, lakini ubani ulikuwa unakwisha. Boga akalazwa mkekani, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukigusa kichwa kile, Mwanatabu akakipakata.

"Yuko?" akauliza Bi Dhahabu.

"Yuko."

"Basi tuonyeshe apigavyo."

Boga akatoa kidole nje ya kaniki, akagonga mkeka: du, du, du. Kahindi akaifuata kwa ngoma, watu wakaitikia kwa makofi. Bi Dhahabu, aliyewajua pepo wote na nasaba zao, hii hakuijua. Boga akaingiwa na hofu, kidole kikaenda mbio, na Kahindi naye mbio.

Mwanatabu alikuwa amemwekea mumewe kiganja shingoni, chini ya taya. Akashtuka: mshipa ulipiga sawasawa na kile kidole. Akainama.

"Baba Mwanatatu," akanong'ona, "huyu si pepo. Ni moyo wako."

"Moyo wafanya nini kichwani?"

"Mimi nitajuaje? Ni wako."

Bi Dhahabu hakusikia, au alisikia akajifanya kiziwi. "Karibu, mgeni wetu," akasema kwa sauti ya kazi. "Sema haja yako, upewe."

Wa Mwambao wakajongea. Wa Majimbo wakajongea. Boga angeweza kuomba hata ng'ombe, na angepewa. Chini ya kaniki ikatoka sauti nyembamba:

"Nataka Mwanatabu asiende Waa."

"Na nini tena?"

"Sina tena."

Loo, masikitiko gani yale! Mzee mmoja alisema pepo huyu hana siasa hata chembe, akaondoka na kigoda chake. Lakini ada ni ada: haja ya pepo ikishatajwa hadharani, wa nyumbani sharti aitikie. Macho yote yakamgeukia Mwanatabu. Yeye alikuwa akilia, na hakujificha.

"Atapewa," akasema. "Ila huyu msimpunge. Mwacheni papo hapo alipo."

Mwezi wa Desemba bendera ikapanda, Boga akapiga ngoma uwanjani na kujisifu wiki nzima. Kiti cha uvivu kilirudishwa barazani. Ile du, du, du haikwisha, na kwa nini ilipanda kichwani hakuna aliyeeleza, si daktari, si Maalim. Kila wakilala Mwanatabu humwekea kiganja shingoni.

"Yuko?"

"Yuko," hujibu Boga, na usingizi humchukua.