Kiti cha Marehemu Lucius

Msimu ule timu ya chuo chetu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa mikono, ilikuwa butu. Mrushaji tulikuwa naye, tena mwenye mkono mzuri, lakini mipira yake ilianguka nyasini kwa kukosa wa kuidaka. Mume wangu, Verlon Tate, ndiye kocha wa wadakaji, na ndiye anayezunguka Delta yote ya Mississippi kusaka vijana wa msimu ujao. Lawama zote zikamwangukia yeye. Kocha mkuu, Royce Haddix, alimwambia bila kumung'unya maneno, "Niletee mdakaji wa maana, au katafute kazi kwingine."

Wake wa makocha tunajua maana ya maneno hayo. Tulishahamahama vya kutosha, na binti yetu Corliss alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu amalize shule. Nilikuwa nimeapa sibebi sufuria tena kwenda popote.

Mdakaji aliyetafutwa alikuwa Dezmar Pettway, kijana mrefu, mpira ukimgusa umenasa. Alilelewa na bibi yake, Bi Ozella. Vyuo viwili vikubwa kuliko chetu vilikuwa vinamtaka. Verlon alikuwa akienda kwao tangu kijana hajaota ndevu. Alikula kunde na mkate wa mahindi, akaomba aongezwe hata akiwa ameshiba, akaenda na bibi kanisani. Na kila alipokwenda alikaa kwenye kigoda karibu na jikoni, kwa sababu kiti kikubwa cha ngozi mbele ya televisheni kilikuwa cha marehemu Lucius, mume wa Bi Ozella. Kofia yake ya kazi bado ilikuwa imetundikwa pale. Hata Dezmar alikizunguka kiti kile kwa adabu.

Ziara ya mwisho hufanywa na kocha mkuu mwenyewe. Njiani Verlon alimweleza yote, habari za kiti zikiwemo. Haddix alikuwa anachezea simu. Alipoingia alicheka kwa sauti, akamkumbatia bibi, akaiweka kofia ya marehemu sakafuni, akajitupa kitini mpaka miguu ikanyanyuka.

Bi Ozella alibaki amesimama na sahani mkononi.

"Kocha," Verlon akasema, "ondoka kwenye kiti hicho."

"Acha mambo yako, Tate. Mwenye nyumba mwenyewe kanyamaza."

"Kina mwenyewe hicho. Inuka, tafadhali."

Haddix akainuka, masikio yamemwiva. Waliporudi garini aliubamiza mlango. "Nipatie kwanza sahihi ya yule mtoto," akasema. "Ya kiti tutayazungumza baadaye."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mume wangu, si Haddix. "Ungenyamaza dakika chache tu, ungekufa?"

"Kingekuwa kiti changu, na mimi nimekufa, je?"

Kesho yake nilikwenda dukani kuomba maboksi matupu ya kuhamia.

Jioni ya kuamkia siku ya sahihi, siku vijana wanapojifunga rasmi na chuo watakachochezea, Bi Ozella akampigia Verlon simu. Nilikuwa karibu, nikamsikia vizuri.

"Kocha, mwanangu akija huko, utakuwepo?"

Kila msaka wachezaji ana jibu la swali hilo: nitakuwepo, mama, nitamtunza kama wa kumzaa. Nilimtazama Verlon, nikaomba kimoyomoyo aseme uongo.

"Sijui, mama," akasema. "Huenda nisiwepo."

"Ahsante," bibi akasema, akakata simu.

Siku yenyewe makocha hawaruhusiwi kuwa pale kijana anapotia sahihi, kwa hiyo tulikusanyika chuoni, makocha, wake na watoto, macho kwenye skrini. Dezmar alikaa katika ukumbi wa shule yake, mbele yake kofia tatu, kila chuo na yake; atakayoivaa ndiyo ya chuo alichokichagua. Mkono ukapita juu ya kofia ya kwanza. Ukasita kwenye ya pili. Akainua yetu.

Chumba kizima kiliruka. Verlon peke yake hakuruka, maana Dezmar hakuivaa ile kofia. Aliishika tu, akatoa simu mfukoni. Simu ya Haddix ikalia.

"Karibu nyumbani, kijana wangu!"

"Swali moja, Kocha. Nani atanifundisha?"

"Si Tate? Unamjua huyu."

"Mpaka lini?"

Dezmar alikuwa ameisogeza simu kwenye maikrofoni; sauti ya Haddix ilikuwa inatoka kwenye vipaza sauti vya ukumbi ule, na ukumbi umejaa mji mzima. Kwenye skrini Bi Ozella alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, hapepesi macho. Haddix akageuka kumtazama mume wangu aliyesimama mlangoni. Nilimshika Corliss mkono mpaka akalalamika.

"Mpaka umalize chuo," Haddix akasema.

"Haya, tumesikia wote," Bi Ozella akasema. "Vaa kofia yako, mjukuu wangu."

Usiku nilikunja maboksi yangu, nikayasukuma chini ya kitanda. Sikuyatupa. Haddix namjua.