Mkasi Niliourudisha Mezani

Katika ushonaji, mwenye mkasi ndiye fundi. Wengine wote ni wasaidizi, hata wakishona mpaka macho yawatoke. Nami nilikuwa msaidizi katika duka la gomesi, vazi refu la wanawake wa Kiganda, katikati ya Kampala, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakati watu walikuwa wameanza kusahau vita na kukumbuka kuvaa. Kila Jumamosi palikuwa na kwanjula mahali fulani, ile sherehe ya msichana kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi, na kila kwanjula ilitaka gomesi mpya, mabega yamechongoka, mshipi mpana kiunoni, pindo linafagia sakafu. Nilipiga pasi, nilishona vifungo, nilikunja mapindo, na nilinyamaza. Wanaonijua kwetu wangeapa kwamba hilo la mwisho siliwezi.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kiganda tuliyemwita madamu, na mkasi ulikuwa wa kaka yake. Kukata nilijua. Nilijifunza kwetu Kenya, karibu na mpaka wa Uganda, ambako mama yangu mwenyewe alivaa gomesi kanisani kila Pasaka. Lakini kila nilipoomba kukata, madamu alicheka, tena bila ubaya.

"Wewe Mukenya, gomesi iko kitu ya Baganda. Nani atavaa ile umekata wewe?"

Nikarudi kwenye mapindo yangu.

Aliyenitia majaribuni alikuwa mama mmoja Mkongo aliyekuwa akituuzia vitambaa. Alikimbia vita kwao na furushi la vitenge, akauza, akanunua vingine, na sasa alikuwa na chumba cha kushonea huko Bwaise, mtaa wa bondeni unaofurika kila mvua ikinyesha. Madamu akiingia ndani kuchagua rangi, yeye aliinama karibu na cherehani yangu.

"Dada, weye uko na mukono muzuri. Kuya kwangu, utakata weye mwenyewe. Na Baganda ya kule, hata yenyewe inavalaka gomesi."

"Na mafuriko je?"

"Maji inaingiaka, inatokaka. Siye tunabakiaka."

Nilimpelekea habari hizo mume wangu, nyumbani Kisugu. Yeye ni fundi umeme, na huogopa kila kitu isipokuwa umeme. Aliniuliza kama Bwaise nitashona nguo za vyura. Kisha akaacha mzaha. Mjini nilikuwa na mshahara wa uhakika na paa lisilovuja, akasema, na ukataji ni nini hata mtu auache mshahara? Sikuwa na jibu la kumpa. Nilijua tu kwamba ninakaribia kuzeeka nikiwa mtu wa vifungo, na hilo lilinikera mpaka usingizi ukawa shida.

Ndipo akaja senga. Senga ni shangazi wa bibi harusi, na siku ya kwanjula yeye ndiye mwenye shughuli, macho yote kwake. Huyu alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye kuheshimiwa. Sasa, gomesi haipimwi hivi hivi. Chini yake mwanamke hufunga kikoi kizito kiunoni ili nyonga zijae, na kikoi hicho hulila pindo. Usipompima akiwa amekifunga, gomesi itapanda juu. Kaka yake madamu aliyajua hayo kuliko mimi. Lakini kumfunga senga kikoi, mwanamume, mbele za watu? Haya ilimshika. Akanyoosha utepe kwa mbali, juu ya sketi ya senga, uso ameugeuzia ukutani. Nilimwambia taratibu, "Kaka, nipe utepe, mimi nimfunge kikoi." Akanikata jicho.

"Mukenya nafundisha mimi gomesi?"

Senga alirudi kuchukua nguo siku moja kabla ya kwanjula. Akaivaa, kikoi ndani. Pindo likaishia juu ya vifundo vya miguu, na miguu yote ikawa nje. Mimi nilikuwa nimekwisha kupiga magoti, pini mdomoni, nikitafuta mahali pa kuunga kipande. Kupiga magoti hakukunisumbua. Wanawake wa pale huwapigia wakubwa magoti wakiwasalimu, nami nilikuwa nimezoea, nikaona ni adabu nzuri. Lakini madamu alininyooshea kidole pale pale chini, akamwambia senga:

"Ni huyu Mukenya, nyabo. Ndiye napima mubaya. Wewe, omba musamaha!"

Nilimtazama kaka yake. Alikuwa anafuta mkasi.

Nilitema pini kiganjani, nikaomba radhi. Senga aliniambia tu, "Mwanangu, ungeuliza," kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza. Angenitukana ningepata nafuu. Nililiunga pindo kwa kitambaa kilichobaki, vizuri, mshono usionekane, machozi yakinidondoka kwa hasira. Sikulia kwa huzuni hata kidogo. Nilikuwa nimekasirika kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na katika hasira ile nikapiga moyo konde. Kumbe jibu la kumpa mume wangu lilikuwa hapo. Asiyeshika mkasi hubebeshwa makosa ya anayeushika.

Jumatatu nilimwambia madamu kwamba naondoka, nakwenda Bwaise. Nilitegemea matusi. Badala yake aliuchukua mkasi mkubwa mezani na kunipa, mpini mbele.

"Basi kata. Kaka ataenda kununua vitambaa. Bakia tu."

Sitadanganya, niliutaka. Ulikuwa mzito, umenolewa vyema, na vidole vyangu vikaingia kana kwamba vimewahi kuishi humo. Miaka yote nilikuwa naomba kitu hicho kimoja. Nikaona mshahara, paa, uso wa mume wangu ukifurahi.

"Nitabaki, madamu," nikasema. "Ila mwambie senga ni nani aliyempima."

Akacheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona sicheki, akakunja uso.

"Ile ilishaisha. Unataka niaibishe ndugu yangu kwa sababu ya senga?"

"Hapana. Kwa sababu yangu."

Akaanza kukunja hariri ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Nikauweka mkasi mezani, polepole, nikamshukuru kwa Kiganda changu kibovu, nikachukua mkoba wangu. Nikatoka, nikashika njia ya Bwaise.

Bwaise mvua ilinipokea vilivyo. Tuliinua cherehani juu ya matofali, na yule mama Mkongo akayachota maji kwa beseni huku akiimba nyimbo za kwao. Mkasi wake ulikuwa na kutu, nikaunoa mwenyewe. Mteja wa kwanza wa gomesi aliingia ameshika viatu mkononi, akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akasikia lafudhi yangu.

"Na nani nakata hapa?"

"Mimi," nikamwambia, huku nikimfunga kikoi. "Na ikiwa fupi, uje unitafute mimi."