Nahodha wa Maharusi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kimbiji, walio macho na waliolala, wenye boti na wenye wivu tu, kwamba kijiji kimepata Nahodha wa Maharusi. Naye ni Talha. Hakuapishwa wala hakupigiwa kura, lakini kila bi harusi anayeolewa upande wa pili wa mji hupandishwa boti yake, akafika mkavu, wanja haujachuruzika. Mwenye pingamizi akae nalo.

Kondo alikaa nalo. Lilimkwama kooni kama mwiba wa changu.

Maana haki iko wapi? Boti zao zote mbili za faiba, zimetoka karakana moja. Injini zao kama pacha: nguvu zilezile, rangi ileile, muuzaji mmoja wa Kariakoo. Lakini Talha anabeba maharusi wanaonukia udi, na Kondo anabeba mbuzi. Mbuzi hawanukii udi.

Sasa Nusaiba, binti wa dada yake Kondo, tumbo moja kabisa, akapata mchumba Mbezi Beach. Kondo akaosha boti kwa sabuni ya unga, akatandika jamvi jipya, akanyoa ndevu. Nani ampeleke mtoto kwa mumewe kama si mjomba wake? Akaja dada mtu, Bi Zubeda, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Kaka, bi harusi atakwenda na Talha. Wewe utachukua wanawake na matari."

"Zubeda! Mie mjomba wake!"

"Ndiyo maana nikakupa matari. Unakimbiza mno, kaka. Mara ya mwisho nilishuka kwako nikajihesabu meno."

Mwanakombo, mkewe Kondo, alikuwa anakuna nazi pembeni. Akachomekea: "Boti ya Talha inatulia jamani. Unaweza ukanywa chai humo."

"Nenda ukaolewe naye, mkanywe hiyo chai!"

"Nilisema boti, sikusema mume. Ila umenitia mawazo."

Siku ilipofika, boti zikaondoka pamoja, Bi Zubeda kakaa na bintiye kwa Talha, Kondo nyuma na wanawake wa matari, mkewe Mwanakombo akiwemo, macho kamkazia Talha kama askari wa barabarani. Talha akafungua moto, injini ikanguruma. Pua ya boti ikainuka, ikahangaika kidogo, kisha boti nzima ikapanda juu ya maji na kulala sawa. Hapohapo, injini ikianza tu kunoga, akapunguza moto kidogo. Kelele ikashuka, boti ikateleza.

Kondo alikwisha kuuona mchezo huo mara nyingi, na hukumu alikwisha kuitoa: dawa. Mtu mwenye akili zake anunue injini nzima, halafu aitumie robo tatu? Pana kitu kaambiwa na mganga.

Yeye akafungua moto wote. Akampita mpwa wake kwa fujo, mkono juu, kofia imesharuka.

"Mjomba huyooo!" akajishangilia.

Wimbi la kwanza likawarusha wanawake. La pili likawaogesha.

"Kondo, punguza!" Mwanakombo akapiga kelele.

"Apunguze Talha! Mie nimenunua nzima!"

Injini ililia kama imefiwa, ikanywa petroli kama harusi ni yake. Usawa wa Mikocheni ikakohoa, ikanyamaza. Tenki kavu. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kikavu humo botini.

Bi Raudha, kungwi wa bi harusi, akachukua tari alipige wajiliwaze. Ngozi imelowa, imelegea; ikatoa sauti ya kofi kwenye unga uliokandwa. Akaliweka chini polepole.

"Tunakwenda kwa wakwe kupiga masufuria," akasema. "Mjomba oyee."

Talha akatokea, mwendo uleule, hana haraka na mtu. Akarusha kamba. Na hivyo ndivyo wakwe walivyompokea Nusaiba: bi harusi mbele, hana tone la maji, na nyuma yake mjomba anaburutwa pamoja na kina mama waliolowa, mabuibui yamewaganda, wanapiga chafya. Bi Zubeda alimtazama kaka yake, akaanzia miguuni.

Wanawake walipokwenda kuyakausha matari kwenye moto wa pilau, Kondo akamvutia Talha nyuma ya boti. Wivu ulishamla hadi aibu.

"Braza, tumekua wote. Leo nimenyimwa mtoto wa dada yangu, kesho watanipokonya hata mbuzi. Niambie ukweli. Pale unapopunguza moto, unasoma nini? Nani kakupa? Nitamfuata hata awe wapi."

Talha akageuka kushoto, akageuka kulia, kuona kama kuna anayesikia.

"Nikizidisha moto hapo, natapika."