Asali ya Jirani

Juzi nilinunua asali kwenye duka la Waafrika huko Bladensburg, huku Marekani, na kabla hata sijaionja nikajikuta namimina maji baridi kwenye glasi. Cheka tu, rafiki yangu. Ni mafunzo ya nyanya yangu hayo.

Nyanya aliletwa kutoka Kenya kunilea pale Temple Hills, kwa sababu baba na mama walishinda na kukesha wakitunza wazee wa watu. Kwao, maziwa yakishukiwa kutiwa maji, ndiye aliyeitwa: alidondosha tone kwenye ukucha wa kidole gumba, na neno lake lilikuwa la mwisho. Hapa hakuna aliyemwita. Basi akawa anapima vya dukani. Majani ya chai aliyaloweka kwenye maji baridi aone kama yatatoa rangi upesi. Asali aliidondosha kwenye glasi ya maji, maana asali halisi huzama nzima, na iliyotiwa sukari huyeyuka hata haijafika chini. "Njia ya mwongo ni fupi," alikuwa akiniambia, nami namjibu kwa Kiingereza.

Mgeni wake alikuwa mmoja tu, jirani wa mlango wa pili, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani. Alikuja kila Jumamosi, na "Shikamoo, mama" yake aliitamka polepole kama mtu aliyebeba mayai. Siku hiyo nyanya alikuwa akikaanga mandazi mapema, na jirani akichelewa, alikuwa haishi kwenda dirishani. Nilimwonea huruma sana.

Jumamosi moja jirani alileta chupa ya asali. Alikuwa amesikia habari za vipimo, akaomba aonyeshwe. Tukainamia glasi sote watatu. Tone liliingia, likatawanyika kabla ya kufika katikati.

"Mama, ni safi?"

Nyanya alimtazama, akayatazama mandazi ambayo hayajaguswa. Akakoroga yale maji haraka, akayanywa yote.

"Ni safi, mwanangu. Keti tule."

Jirani alipoondoka nikamwambia, "Grandma, it melted."

"Nimeona," akasema, akiosha glasi. "Asali iko dukani."

Nyanya alishafariki, jirani alihama, na ile nyumba sasa ina watu nisiowajua. Asali yangu ya Bladensburg ilizama nzima mpaka chini, safi kabisa. Niliitazama peke yangu pale mezani. Ningekubali iyeyuke yote, na niinywe nikiisifu, mradi tu mtu abishe hodi.