Waya Usiofika Mtungi wa Pili

Wiki ya mwisho ya majaribio yangu kazini, bosi aliniachia kazi moja kwenye karakana yetu ya Gikondo: kuunganisha filta za ripita ya redio za walinzi wa maghala. Ripita inapokea sauti ya redio moja na kuirushia nyingine kwa wakati uleule kupitia antena moja, na filta zile, mitungi miwili ya aluminiamu inayonifika kiunoni, huzuia kishindo cha kurusha kisiingie upande wa kupokea. Waya kutoka kiungio cha antena hadi kila mtungi lazima uwe na urefu wa robo ya wimbi. Nilipiga hesabu, nikapunguza kwa kuwa wimbi huenda polepole zaidi ndani ya waya, nikapata sentimita thelathini na tatu. Nikapiga tena. Je, konekta za ncha za waya zinahesabiwa? Nikaamua zinahesabiwa, kisha nikahofu kwamba nimeamua haraka mno.

Kabla ya kukata, nikapima kwa uzi. Haufiki. Bosi, aliyekulia Mwanza na asiyevumilia kabati lisilopangika, alikuwa ameshafunga mitungi kwa bolti, kila mmoja kwenye pembe yake ya kabati. Mara tatu ya urefu ule ingefaa pia, lakini waya mzuri uliobaki haukutosha pande zote mbili.

Yeye ndiye angeamua kama nabaki kazini. Nilipanga sentensi kichwani, nikaipangua, mwishowe nikasema ile fupi.

"Dada, mitungi inabidi isogezwe."

"Kwani ukiongeza waya kidogo utakufa?"

"Ukizidi, ripita itajiziba masikio yenyewe."

"Kwa hiyo kabati langu likae kama sufuria za sokoni?"

"Ndiyo, dada. Samahani."

Akachukua spana. "Samahani ya nini? Shika huku."

Tulifungua bolti, tukaisogeza mitungi ikakaribia kugusana, nikakata waya. Kisha bosi akamwita mlinzi mmoja aliyekuwa ghala la Masaka, upande mwingine wa jiji, na redio ya mkononi.

"Masaka, unatupata?"

"Nawapata mpaka mnavyohema! Mnakimbizwa na nani?"

Niliomba tujaribu tena. Tukajaribu. Niliomba mara ya tatu, bosi akazima mashine.

"Inatosha, mdogo wangu. Jumatatu uje mapema. Kuna makabati mawili yanasubiri waya, na yote nimeyafunga hivihivi."